Nabwire na Wimbi wa Kukhu Mukhwana

Kukhu Mukhwana, nyanya mwenye wajukuu, alifika kwenye lango la maabara Jumatatu moja asubuhi, mkebe wa majani chai umefungwa ndani ya leso, na mlinzi akamwambia hospitali iko mbele kidogo. Kukhu akatoka. Dakika tano hazijaisha, akarudi. Mlinzi akamweleza tena, kwa upole, kwamba hapa hakutibiwi watu.

"Nani amekwambia mimi ni mgonjwa?" kukhu akauliza. "Mgonjwa ni wimbi yangu."

Mlinzi akaona heri amwite Nabwire. Katika maabara ile ndogo ya upande wa Lurambi, yeye ndiye aliyeitwa kila kulipokuwa na mtu wa kuzungumzishwa vizuri. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mpangaji wa chumba kimoja mtaani Shieywe na mwimbaji wa kutegemewa katika kwaya ya kanisa lake. Aliingia pale kama mfagiaji baada ya masomo ya ualimu kumkatikia njiani. Siku moja fundi akaugua, kukawa na kazi isiyoweza kungoja, Nabwire akapewa kibano ajaribu. Ufagio hakuushika tena. Daktari Osundwa, mkuu wa maabara, alipenda kuwaonyesha wageni mikono yake. "Tazameni," angesema. "Huyu mama mkono wake hautetemeki."

Kukhu alifungua mkebe juu ya meza. Ndani mlikuwa na wimbi, nafaka ya uji, usiojaza kikombe, mweusi kwa moshi.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," alisema. "Nikiolewa Iguhu nilikuja nayo. Tulikuwa tunapandanga kila mwaka. Halafu miwa ikaja, ikakula shamba yote, wimbi nikaiweka juu ya meko. Sasa miwa tumeng'oa. Nimepanda wimbi yangu, imekataa. Nimepanda tena, imekataa. Imebaki hii tu."

"Imekaa juu ya meko miaka mingapi, kukhu?"

"Hesabu wewe. Kijana yangu wa mwisho alikuwa darasa la tatu. Sasa ako na bibi na watoto wawili."

Nabwire akapiga hesabu. Mbegu za umri huo nyingi huwa zimekufa.

"Nasikia hapa mnafufuanga," kukhu akasema.

"Hatufufui, kukhu. Tunabembeleza tu."

"Basi bembelezeni. Lakini nataka yangu. Hii ya duka nimeipika, uji yake ni kama maji ya kuosha sufuria. Yangu kichwa inajikunja hivi." Akaukunja mkono wake ngumi, akamwonyesha. "Ya duka inatanua vidole kama mtu anaomba chumvi."

Tangu siku ile wimbi wa kukhu ukawa mikononi mwa Nabwire, na kubembeleza kwenyewe kulikuwa hivi. Mbegu huoshwa kwa dawa mpaka isibaki hata chembe ya ukungu, kisha hulazwa juu ya jeli ndani ya kisahani cha plastiki chenye kifuniko. Jeli hiyo ina sukari, ina chumvi za kila aina, na ina matone ya dawa inayoifanya mbegu isahau kwamba ilikuwa inataka kuwa mmea. Badala ya kutoa mzizi na jani, hutoa donge la manjano, kama makombo ya ugali yaliyosahaulika kwenye sahani. Halina juu wala chini. Halafu donge huhamishiwa kwenye jeli nyingine yenye dawa nyingine, likakaa chini ya taa, na asubuhi moja ukitazama unaona nukta ya kijani. Halafu mbili. Donge moja laweza kutoa miche kumi. Nabwire alikuwa ameziona nukta hizo mara nyingi sana, na bado kila mara alimwita mtu aje aone.

Katika mbegu zote za kukhu, ishirini na nne tu zilifanya donge. Kando yake, Nabwire aliotesha visahani ishirini na nne vya wimbi wa dukani vya kulinganishia, maana vyote vikikataa, kosa ni la jeli, na vikikataa vya kukhu peke yake, kosa ni la mbegu. Rafu ya juu ikawa ya kukhu, ya chini ikawa ya duka.

Maabara ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata mlinzi aliijua. Jina la kisahani huandikwa kwa penseli juu ya tepu ya karatasi, na tepu hubandikwa chini ya kisahani. Wiki ile tepu ilikuwa imeisha. Titus, mtunza stoo, alikuwa amekwenda matangani Malava, na ufunguo alikwenda nao. Nabwire akachukua kalamu ya wino mzito wa buluu, ile watu huandikia makatoni, akaandika K kwenye visahani vya kukhu na D kwenye vya duka. Nitabadilisha Titus akirudi, akajiambia. Titus akarudi, wakacheka habari za matanga, tepu hakuiomba.

Halafu utitiri ukaingia. Ni vidudu vidogo kuliko ncha ya sindano, vinatembea kutoka kisahani hadi kisahani vikibeba ukungu miguuni, na vikiachwa wiki moja humaliza kazi ya mwaka mzima. Daktari Osundwa akaagiza kila kisahani kifutwe kwa nje na spiriti. Ilikuwa Ijumaa mchana, na mazoezi ya kwaya yalianza saa kumi na moja. Nabwire aliteremsha visahani vyote arobaini na vinane juu ya meza moja, akachukua pamba, akaanza kufuta huku akiimba sauti yake kwa mdomo uliofungwa. Simu ililia, akasogeza rundo moja apate pa kuegemea, akasema, "Nakuja, nakuja," akaendelea kufuta.

Alipobakisha visahani vichache, aliitazama pamba. Ilikuwa ya buluu.

Akageuza kisahani. Hakina herufi. Akageuza kingine. Vile vichache ambavyo hakuwa amevifuta vilikuwa vimelowa spiriti ya mezani, wino umetapakaa kama machozi. Madonge ya manjano yalimtazama, yote sawa. Wimbi wa kukhu na wimbi wa duka, katika umri ule, hakuna jicho la mtu linaloweza kuzitenganisha.

Akajaribu kukumbuka tangu mwanzo. Nilianza na rafu ya juu. Nikaiweka kushoto. Au niliiweka kulia, halafu simu ikalia? Nilisogeza rundo lipi? Kadiri alivyojiuliza ndivyo alivyokumbuka vizuri njia zote mbili.

Nje, Titus alikuwa akifunga madirisha. "Nabwire, leo mnaimba ama mnalala huku?"

"Namaliza."

Akachukua kalamu ileile. Vya kushoto akaviandika K, vya kulia D. Mkono wake haukutetemeka. Akaenda kwenye mazoezi, akaimba, na mwalimu wa kwaya akamsifu.

Mwisho wa wiki wote alijiambia Jumatatu atasema. Angesema Jumatatu ile, lingekuwa kosa. Jumatatu iliyofuata lilikuwa tayari ni uongo. Kandarasi yake ilikuwa inafika mwisho Juni, na Daktari Osundwa alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumtetea aongezewe muda, akamsomea kipande chake kwa furaha: mwangalifu, mwaminifu. Nabwire alisema asante. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Nukta za kijani zilitokea Aprili. Safari hii hakumwita mtu aje aone. Titus ndiye aliyeziona akapiga kelele mpaka Osundwa akatoka ofisini na kikombe mkononi. "Wimbi wa kukhu!" Osundwa akasema, akiinamia visahani vya K. "Miaka yote hiyo juu ya meko, na tazama!" Akampigia kukhu simu palepale, akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Imeamka?" sauti ya kukhu ikauliza.

"Imeamka, mama."

Kukhu akalia kwenye simu. Nabwire akasema anakwenda kuangalia jokofu.

Kuanzia hapo alifanya kazi yake kama mtu anayelea mtoto ambaye hajui ni wa nani. Miche ikatoa mizizi, ikahamishiwa kwenye udongo, ikazoeshwa upepo kidogo kidogo ndani ya kibanda cha neti. Kila asubuhi alitazama K, akatazama D, akatafuta tofauti: urefu, rangi ya shina, upana wa jani. Siku nyingine aliiona. Kesho yake ilikuwa imepotea.

Kisha mwezi wa Agosti, mvua za pili zikikaribia, Osundwa akamwambia, "Hizi D zimemaliza kazi. Tunahitaji nafasi. Zipitishe kwenye chungu cha mvuke zife, kisha utupe."

Pale ndipo mahali pa kusema palipokuwa, na Nabwire alipajua kabisa. Aliufungua mdomo. Kilichotoka ni, "Sawa, daktari."

Miche ya D ilikuwa arobaini na kitu. Aliitupa ile ambayo Titus alikuwa amesimama akiitazama. Ishirini na sita aliyobaki nayo aliipanga ndani ya beseni, akaifunika kwa koti lake la kazi, akaenda nayo nyumbani Shieywe. Akaipanda kwenye mikebe ya rangi nyuma ya chumba chake, karibu na bomba. Jirani yake Beverly, aliyekuwa na saluni mbele na kuku nyuma, akatoka akamwangalia na taulo kichwani.

"Aki Nabwire. Umeanza kupanda nyasi kwa mikebe?"

"Ni maua."

"Maua gani haya? Hii ni nyasi, mami. Hata ng'ombe anajua."

Nabwire akacheka, maana ndicho kilichotakiwa. Jumapili iliyofuata alirudi kutoka kanisani akakuta kuku wa Beverly wamesimama ndani ya mikebe, wakichakura kwa bidii. Miche kumi na saba ilikuwa imeng'olewa na kukatwakatwa. Tisa ilibaki.

"Pole jamani," Beverly alisema, akiwafukuza kwa kandambili. "Nitakununulia zingine. Si ni nyasi tu?"

Nabwire hakuweza hata kumkasirikia. Angemwambia nini? Alichuchumaa akaikusanya miche iliyokatika, moja moja, kama kwamba ingefaa kwa kitu, akakaa nayo mkononi mpaka ikanyauka. Hii huenda ni nyasi tu, alijiambia. Na huenda ni mama yake kukhu Mukhwana.

Siku ya kupeleka miche, kukhu aliwaalika majirani. Osundwa, Titus na Nabwire walifika Iguhu kwa pikapu ya maabara na miche thelathini ya K. Shamba lilikuwa limelimwa likasagwa mpaka udongo ukawa kama unga. Mzee wa kanisa aliomba. Kukhu alipanda mche wa kwanza kwa mkono wake, akashindilia udongo kwa vidole, akasema maneno kwa Kiluhya ambayo hayakuelekezwa kwa mtu yeyote aliyekuwepo. Baadaye wakaingia nyumbani kula.

Palikuwa na obusuma, ugali wa moto, palikuwa na mboga ya mrenda, na palikuwa na ingokho, kuku aliyechinjwa asubuhi kwa ajili yao. Kukhu aligawa nyama mwenyewe. Kila mtu pale alijua firigisi ni ya nani: ni ya baba mwenye nyumba, na kama hayupo, ni ya mgeni mwanamume aliye mkubwa. Osundwa alikwisha kukaa vizuri. Kukhu alizunguka na bakuli, akampita Osundwa, akampita mzee wa kanisa, akaiweka firigisi kwenye sahani ya Nabwire.

Watu wakaguna. "Kukhu! Imondo kwa mwanamke?" mzee wa kanisa akasema, nusu akicheka.

"Nyamaza," kukhu akamwambia. "Wewe umewahi kuamsha mbegu ya mama yangu? Hii mikono ndiyo imeamsha. Kula, mukhana, binti yangu."

Watu wakapiga makofi. Osundwa naye akapiga. Nabwire aliitazama firigisi. Ilikuwa imekaangwa vizuri, imekatwa mara moja katikati, inang'aa mafuta. Aliishika. Kisha akairudisha kwenye sahani.

"Kukhu," alisema, "siwezi."

"Kwa nini huwezi? Haukulangi kuku?"

"Sijui kama ile tumepanda ni yako."

Akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kukata katikati: tepu iliyokwisha, wino, spiriti, pamba ya buluu, kushoto na kulia. Akasema aliandika kwa kubahatisha. Akasema ile nyingine iliagizwa itupwe naye akaitupa, isipokuwa kidogo aliyokwenda nayo nyumbani, na hiyo kidogo kuku wameila, ikabaki tisa. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha, macho kwenye sahani.

Kukhu alimsikiliza akiwa amesimama na bakuli. Nabwire alipomaliza, alinyoosha mkono, akaichukua firigisi kwenye sahani yake, akairudisha ndani ya bakuli pole pole.

"Kuku wa nani?" akauliza.

"Wa jirani."

"Hizo tisa ziko wapi?"

"Kwa mikebe. Shieywe."

"Kesho uzilete. Usilale huko ukifikiria. Kesho."

Akaendelea kugawa nyama. Firigisi haikupewa mtu.

Ndani ya pikapu Osundwa alitazama barabara mpaka walipokaribia mjini. "Ungeniambia Ijumaa ileile," alisema hatimaye, "tungekuwa na visahani arobaini na vinane, tungevikuza vyote, basi. Hakuna ambacho kingepotea. Unaelewa? Wino haukupoteza kitu." Nabwire alielewa. Ndilo jambo alilokuwa akilielewa kila siku kwa miezi mitano. Jumatatu Nabwire alitolewa chumba cha kukuzia, akapelekwa kuosha vyombo vya kioo mpaka kandarasi, iliyokuwa imeongezwa miezi sita, ikwishe Desemba. Titus alijaribu mzaha, "Karibu jikoni," kisha akaona uso wake akauacha.

Miche tisa ilipandwa kando ya jiko la kukhu, mbali na ile thelathini, ikazungushiwa wavu. Kila Jumamosi Nabwire alikwenda Iguhu kupalilia. Hakuna aliyemwambia aende. Kukhu hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimwonyesha jembe liliko. Wiki nyingine walifanya kazi asubuhi nzima bila kusema lolote zaidi ya "sogea" na "hiyo ni gugu." Wiki nyingine kukhu alimsimulia habari za mama yake: alivyokuwa na mikono mikubwa, alivyowanyima watu wote mbegu isipokuwa binti zake. Nabwire alisikiliza akiwa ameinama. Alitamani afadhali atukanwe.

Vichwa vilianza kutoka Novemba. Ile thelathini ilitangulia. Kichwa baada ya kichwa kilitoka kikatanua vidole, vyepesi, vyeupe kidogo. Kukhu alipita katikati yake hadi mwisho, akarudi, akaenda kuangalia wavu wa ile tisa. Wiki mbili baadaye Nabwire alifika akamkuta ameketi kwenye kigoda kando ya wavu, mikono magotini. Vichwa vya ile tisa vilikuwa vimetoka, vyekundu kama damu ya kukauka, vyote vimejikunja ngumi.

"Ni yenyewe," kukhu alisema.

Nabwire alitaka kufurahi. Mwili wake ulikataa. Alichokiona mbele ya macho kilikuwa kile chungu cha mvuke, na trei aliyoimimina huku Titus akitazama, na kuku wakichakura. Ilikuwepo yote. Ilikuwa mikononi mwake yote.

Wimbi hauvunwi kwa kufyeka. Hukatwa kichwa kimoja kimoja kwa kisu kidogo, na siku ilipofika kukhu alimpa Nabwire kisu akakaa kando akimtazama anavyokata. Walivianika, wakavipukuta kwenye ungo, wakapepeta. Ikapatikana mbegu ya kujaza viganja viwili na kidogo.

Osundwa alikuwa amempa Nabwire kichupa cha kioo chenye kifuniko cha kubana. "Muombe kijiko kimoja tu," alimwambia. "Tutaiweka kwenye baridi. Ikitokea moto, ikitokea panya, itakuwa iko mahali pawili." Nabwire alikitoa mfukoni akaeleza vilevile alivyoambiwa.

Kukhu alikipokea kichupa, akakigeuza juani, akakirudisha.

"Osundwa mwambie namsalimu," alisema. "Uji akija kunywa nitampa. Wewe pia nitakupa, hata leo, ngoja nikoroge. Lakini mbegu, mukhana, hapana. Haitoki tena hapa."

"Kukhu, ikiwa mahali pamoja tu, siku moja..."

"Siku moja nini?"

Nabwire alijua jibu. Alijua ukungu, alijua panya, alijua moshi wa miaka mingi unavyoua mbegu kimya kimya. Alikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyelijua vizuri. Alijua pia kwamba kukhu alikuwa anakosea, na kwamba mwenye haki ya kumwambia hivyo hakuwa yeye.

"Hakuna, kukhu," akasema.

Kukhu akaingia jikoni kukoroga uji. Nabwire akabaki nje na kichupa mkononi, akikifunga na kukifungua, akisikiliza mwiko ukigonga sufuria, mpaka alipoitwa.